Wakuu, "significant" si neno la kupambia tasnifu!

Wakuu, yamenifika kooni. Fungua Sura ya Nne, ile ya matokeo, ya tasnifu yoyote ya Kiingereza inayozunguka huku kwetu: "significant" imemwagwa kila aya, na msimamizi ameshaweka sahihi. Mtu anaandika "sales increased significantly" wakati hakuna jaribio lolote la kitakwimu lililofanyika. Alitaka kusema mauzo yamepanda sana. Basi aandike "rose sharply" na ataje yamepanda kwa kiasi gani!

"Statistically significant" haimaanishi kubwa, wala muhimu. Maana yake ni hii tu: kama kweli kusingekuwa na tofauti yoyote, matokeo kama haya au makali zaidi yangejitokeza kwa nadra, yaani uwezekano wake (ndio huo p) uko chini ya kiwango ulichojiwekea mapema, mara nyingi 0.05. Haisemi kwamba dhana yako ni ya kweli kwa asilimia 95. Hilo ni kosa, hata kama limo kwenye notisi zenu za darasani.

Angalieni hesabu. Chukua r, kipimo cha nguvu ya uhusiano wa vigeu viwili. Watu 10,000, r = .02: p inatoka karibu .046, "significant" tayari, ilhali kigeu kimoja kinaeleza asilimia 0.04 tu ya tofauti za kingine. Watu 30, r = .35: p karibu .058, na mwandishi anatangaza "there is no relationship". Uhusiano upo kwenye data yake. Sampuli ndiyo ndogo. Sentensi sahihi ni "the correlation was not statistically significant". Na "insignificant" iacheni, kwa msomaji wa Kiingereza hiyo ni kitu cha kupuuzwa. Vivyo hivyo hatusemi "we accept the null hypothesis" (dhana kwamba hakuna tofauti wala uhusiano), tunasema "we failed to reject".

Halafu "p = 0.000". Hili linaudhi kuliko yote. Matoleo ya zamani ya SPSS, programu ya takwimu, yanaonyesha desimali tatu tu kwenye safu ya "Sig.", bofya mara mbili jedwali, kisha ile seli, utaziona tarakimu zilizofichwa. Uwezekano haujawa sifuri. Andika p < .001. Kwa mtindo wa APA, mwongozo wa uandishi wa kitaaluma, p na r hazitangulizwi sifuri, kwa kuwa haziwezi kuvuka 1. Lakini d, kipimo cha ukubwa wa tofauti kati ya makundi mawili, inaweza, kwa hiyo inawekewa.

Sentensi iliyokamilika inakaa hivi: "Maize yield was higher on the fertilised plots, t(58) = 2.31, p = .024, d = 0.60." Hapo t ni matokeo ya jaribio la kulinganisha makundi mawili, na 58 ni namba inayotokana na ukubwa wa sampuli. Ongeza wastani wa magunia kwa ekari wa kila kundi, msomaji ajue tunazungumzia nini.

La mwisho, na hapa hata watahini wanateleza: wanaume p = .04, wanawake p = .07, mtu anahitimisha kwamba mafunzo yamewasaidia wanaume kuliko wanawake. Hujalinganisha makundi hayo! Weka mwingiliano ("interaction") wa jinsia na mafunzo kwenye modeli, yaani kipengele kinachopima kama athari ya mafunzo inatofautiana kati ya wanaume na wanawake, usome p ya huo mwingiliano. Kama hukuupima, hiyo sentensi ifute.