Mdogo wangu anakwenda misheni: wiki yake itakuwaje hasa?

DadaMkubwa

Habari zenu wana jukwaa. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, amepokea wito wa kutumikia misheni katika kanisa la Wamormoni. Miaka miwili! Mimi si muumini wa kanisa hilo, na kila nikimuuliza atakuwa anafanya nini huko, ananijibu "nitahubiri injili, dada", basi. Sasa mtu anahubiri Jumatatu hadi Jumapili kwa miaka miwili? Anafua lini? Akiumwa usiku yuko na nani? Nitaruhusiwa kumpigia simu? Aliyewahi kutumikia naomba anieleze wiki moja tu, bila kuipamba.

Mwenza_wa_Zamani

Pole kwa wasiwasi dada, na hongera kwa mdogo wako. Mimi nilitumikia miaka miwili kamili, nikarudi 2018.

La kwanza: hatakuwa peke yake. Kila mmisionari hupangiwa mwenza, yaani mmisionari mwenzake wa kuishi na kufanya kazi naye. Mnalala nyumba moja, mnatoka pamoja, mnarudi pamoja, ukienda kununua sabuni mwenza yuko begani. Faragha yako ni bafuni. Mwenza humchagui, kama ambavyo hukuchagua mahali pa kutumwa, na kila baada ya wiki 6 hivi huja taarifa za uhamisho. Unaweza kuamka ukaambiwa unaishi na mtu mwingine, wa nchi nyingine na lugha nyingine. Akiumwa usiku, huyo ndiye atakayewasha taa.

Jumatatu kwetu ilikuwa siku ya maandalizi. Unafua, unasafisha nyumba, unanyoa, mnacheza mpira na wamisionari wa karibu, unaandika barua pepe nyumbani. Saa 12 jioni unavaa tena shati jeupe, tai na kibao cheusi cha jina. Jina lako la kwanza halimo. Una miaka 19 na unaitwa "Mzee" fulani, kwa jina la ukoo.

Jumanne hadi Jumamosi zinafanana kwa sura. Tuliamka saa 12:30 asubuhi, mazoezi nusu saa, kujisomea maandiko saa nzima, kusoma na mwenza, kisha tunatoka hadi saa 3 usiku. Saa 4:30 taa zinazimwa. Watu hudhani tunafundisha kutwa. Siku nyingi tulifundisha watu wawili, na muda uliobaki tulikuwa tunatembea: kubisha hodi, kufuata miadi ya mtu aliyesahau, kumsaidia mzee wa watu kuhamisha vitu vyake. Mara moja kwa wiki tulikutana na wamisionari wenzetu wa wilaya, na siku moja ilikuwa na kikao cha kupanga wiki inayofuata.

Nikusimulie Alhamisi moja. Mimi na mwenza wangu tulikuwa hatusemeshani vizuri kwa siku mbili, kwa sababu yeye alisoma kwa sauti asubuhi na mimi siwezi kusoma mtu akinena pembeni. Jambo dogo, lakini huna chumba kingine cha kwenda. Jioni tulikwenda kwa baba mmoja tuliyemfundisha wiki 5. Alifungua mlango nusu, akatuambia kwa upole tusirudi tena. Mvua ikatukamata njiani, hatukusema neno mpaka nyumbani. Nikapanda kitandani na soksi zangu mbichi. Nilipoamka kwenda kunywa maji nilimkuta mwenza wangu amekaa sakafuni, anachana karatasi kuukuu na kuzisokota ndani ya viatu vyangu ili zinyonye maji. Vyake alikuwa hajavigusa. Nikakaa tukamalizia pamoja. Mpaka leo namwita kaka.

Jumapili ndiyo siku ngumu kuliko zote, na hili wengi hawalisemi. Mtu amekuahidi Jumamosi, "kesho nitakuja kanisani". Unasimama mlangoni, unatazama njia. Wimbo wa kufungua unaanza, bado unatazama. Sakramenti inabarikiwa, unageuza shingo kila kiti kinapolia. Halafu usiku mnatoa taarifa ya wiki: wangapi walikuja, wangapi wanajiandaa kubatizwa. Niliwahi kuandika sifuri wiki 3 mfululizo, na mama yangu katika kila barua aliuliza, "Umebatiza wangapi?" Aliuliza kwa upendo. Nilikuwa naifunga ile barua pepe bila kuimaliza.

Kwa hiyo dada, ukiongea naye usimuulize idadi. Muulize habari za mwenza wake. Akikujibu kwa kirefu, yuko salama. Akikujibu "yupo tu", ongeza maswali.

Baba_Kigingi

Kaka ameeleza vizuri, niongeze machache. Enzi zake simu nyumbani zilikuwa Krismasi na Siku ya Akina Mama tu. Tangu Februari 2019 wamisionari wanaruhusiwa kuwasiliana na familia kila wiki siku ya maandalizi, kwa simu au hata kwa video. Dada, utamwona uso. Ratiba nayo imelegezwa kidogo, rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wa eneo hilo, anaweza kusogeza saa kulingana na mazingira. Na kama hutajali, jina kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho; mwaka 2018 Russell M. Nelson, aliyekuwa Rais wa kanisa, alituomba tulitumie hilo badala ya "Wamormoni". Mdogo wako atafurahi kulisikia kinywani mwako.

Miezi18

Mimi ni dada niliyetumikia, sisi wanawake ni miezi 18. Nakubaliana na habari ya mwenza, ila si kila mwenza atakukaushia viatu. Mwenza wangu wa pili alilemewa na huzuni hadi akawa mgonjwa, na hakusema. Nilimwona anaacha kula, anaoga na kurudi kitandani. Nilimpigia rais wa misheni na mkewe usiku ule ule, akapata msaada, baadaye akarudi kwao kabla ya muda. Alipokelewa vizuri. Mwambie mdogo wako kabla hajaondoka, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba akirudi mapema mlango wako uko wazi. Akiwa huko hatathubutu kuuliza.

DadaMkubwa

Nimesoma nikalia kidogo, asanteni sana. Nimempigia sasa hivi nikamwambia hilo la mlango. Alinyamaza kwanza, kisha akasema "asante dada", na leo hakucheka. Nikamuuliza ana viatu jozi ngapi. Moja. Jumamosi namtafutia ya pili.