Mpango mpya wa kaunti: boda zichorewe barabara yao Lamu, au kisiwa kibaki cha miguu na punda?

Bin Langoni:
Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Ule mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti, wa 2016 hadi 2026, ndo huo muda wake waisha, na sheria yasema kaunti iwe na mpango wa miaka kumi na iupitie kila mitano. Ule wa kwanza uliandikwa meli ya kwanza haijatia nanga bandari mpya ya Kililana. Leo gati tatu zipo, ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, na wanasema zikikamilika zitakuwa 32, malori yafika Hindi yetu ya huko bara, Mokowe imekuwa mji, na huku kisiwani nyumba yapanda juu ya nyumba. Swali langu ni moja na naomba tusitoke nje ya swali: mpango mpya uchore barabara ya nyuma, itoke Wiyoni izunguke mitaa ya Kashmir na Kandahar mpaka hospitali, boda na tuktuk zipite huko na mji wa kale uachwe na miguu na punda? Au kisiwa kizima kisiingie injini, maana kuna wanaosema tukichora barabara UNESCO itaufuta mji wa kale kwenye urithi wa dunia? Mimi nasema barabara ya nyuma. Haya semeni.

Mkomani Asilia:
Nyuma ya nani? Boda haiyui nyuma wala mbele. Zilikatazwa kuingia mui wa kale, na usiku zapita Usita wa Pwani taa zimezimwa kama mwizi. Ukishaipa ndia huko nyuma kesho itataka tawi la kuteremkia sokoni, keshokutwa la kufika Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome. Ndia zetu zilijengwa kwa upana wa punda na mzigo wake, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti zake za mikoko za karne na karne, si za kutikiswa na injini usiku na mtana. Na tuseme kweli, hawa wapigania boda wengi wao hawayui hata mui umeanza wapi, wamekuya na boti ya yana.

Jamaa wa Hindi:
Boti ya jana??? Mimi nimezaliwa Hindi, sekondari nimesoma hapo kisiwani, kodi nalipa kaunti hii hii. Halafu kabla ya kufukuza watu jifunze kuandika Kiswahili kwanza. Ni NJIA si ndia. Ni MJI si mui. Hawajui si hawayui. Mtoto wangu akiandika hivyo kwa mtihani anapewa sifuri.

Nahodha Mstaafu:
Aaah kijana. Hapo umetia mkono kwenye mzinga wa nyuki.

Mkomani Asilia:
Mimi nifundishwe Kiswahili na mtu wa Hindi, wallahi dunia imefika ukingoni. Hii "njia" yako ni ya Unguja. Mwaka 1928 wakoloni walikaa kikao Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe ndo sanifu, hakuna mtu wa Amu, hii mwaiitayo Lamu, aliyeombwa ruhusa. Tenzi zilitungwa Pate na Amu kwa ndia na mui na mayi na mato kabla huo mtihani wa mwanao haujazaliwa. Sifuri hiyo mpe mwalimu.

Jamaa wa Hindi:
Sawa tenzi ni zenu. Lakini ujumbe ulikuwa sisi ni wageni. Hilo ndilo ulisema na hujalirudisha.

Mtoto wa Gadeni:
Kwani si wote ni wageni?? Waarabu wageni, Wabajuni walikuja kutoka visiwa vya juu, wa Mpeketoni waliletwa na serikali miaka ya sabini wakapewa mashamba, wazungu wa Shela wageni. Mwenyeji peke yake hapa ni punda na yeye pia nasikia aliletwa na jahazi 😂

Mkomani Asilia:
Wabajuni unawaita wageni? Wewe uliza bibi yako akutoe ujinga.

Mtoto wa Gadeni:
Bibi yangu ni Mbajuni wa Faza, ndo kanambia 😂😂

Hamali wa Gatini:
Mwagombania ndia na njia, haya mimi ndo mwenye kuipita hiyo mnayoigombania. Nina punda wanne. Saruji, kokoto, mawe, maji, friji, hata jeneza nishapakia. Punda ana siku yake ya kuumwa, ana siku ya kugoma, akiwa na kidonda cha mgongo siwezi kumpakia na wale wa kliniki ya punda wakimuona wanangombeza mimi, na wana haki, ile kliniki ipo tangu 1987 na bila ile wangu wawili wangekufa. Chakula ni pesa, si kila siku atakula maganda na makaratasi ya jalalani. Nyinyi mwampenda punda kwenye picha. Siku ya mashindano ya Maulidi mwapiga makofi, siku ya pili mwalalamika mavi mlangoni. Mkitaka punda abaki basi mpango mpya umwekee na yeye mahali: zizi, maji ya kunywa, pa kushushia mzigo pale jeti, maana sasa hivi tunabanana na hamali wa mikokoteni na watalii na masanduku yao. Mimi sina ugomvi na boda, mwanangu mwenyewe anaendesha boda huko Mokowe. Ila siwezi kununua boda, na mwenye boda hatanipa kazi.

Jamaa wa Hindi:
Hamali umeongea kuliko wote hapa na Kiswahili chako kimenyooka 👏

Mkomani Asilia:
Hii 👏 ilikuwa ya kunichoma mimi. Nimeiona.

Dada Khadija wa Kandahar:
Naomba na mimi niseme kwa sababu naona ni wanaume watupu. Mwaka juzi dada yangu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Sisi twakaa huko nyuma kabisa, pwani ni mbali. Ambulensi ya boti ipo, lakini hiyo boti itaingia vichochoroni? Na maji yalikuwa yamekupwa. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa hamali, juu ya godoro, watu wanne wasukuma, na kila jiwe lililotokeza alipiga kelele mpaka majirani wafungua madirisha. Alifika, alhamdulillahi, mtoto yuko na jina lake. Lakini hiyo barabara ya nyuma ya Bin Langoni ingekuwepo, ambulensi ndogo moja tu, hata ya tairi tatu, ingemfikisha kwa dakika kumi. Sisemi boda mia. Nasema njia moja pana ya dharura, ya kuzimia moto pia, maana nyumba za makuti zikishika ni ndoo na mikono tu na upepo haungoji. Nyinyi mwazungumza urithi wa dunia mkiwa mmekaa baraza ya Mkunguni mwacheza bao.

Bwana Mkunguni:
Mwanangu Khadija pole sana kwa dada. Lakini pale hatuchezi bao. Twacheza dhumna.

Nahodha Mstaafu:
Na karata Ijumaa baada ya sala.

Bwana Mkunguni:
Karata si mimi.

Nahodha Mstaafu:
Si wewe nani, Ijumaa iliyopita ulinila mara tatu?

Dada Khadija wa Kandahar:
Haya. Nimeeleza uzazi mmeokota dhumna.

Mtoro wa Unguja:
Mimi ni wa Amu ila naishi Unguja miaka mingi. Hapa Mji Mkongwe ni urithi wa dunia vilevile, uliingia mwaka mmoja kabla ya Lamu, 2000, na magari yapo mpaka Forodhani, piki piki zapita vichochoroni mbio mbio, na UNESCO haijahama. Kwa hivyo hii ya kutishana kwamba tukichora barabara tu basi jina linafutwa, si kweli. Lakini mkitaka kujua raha yake njooni mkae siku moja, utembee na mtoto mkono wa kulia na wa kushoto umejibandika ukutani kama mjusi.

Mkomani Asilia:
Na Beit al Ajaib, ile nyumba kubwa ya masultani hapo Mji Mkongwe, ikaporomoka 2020. Asante kwa ushahidi.

Mtoro wa Unguja:
Haikuporomoka kwa piki piki ami!! Iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, ilikuwa imechoka miaka. Mbona wachanganya mambo.

Mkomani Asilia:
Yaliyochoka hayatikiswi. Nyumba za Amu nazo zimechoka. Hilo tu.

Mtoto wa Gadeni:
Hapo nimekiri Mkomani ana hoja, ila sipendi alivyoisema.

Kijana wa Matondoni:
Sisi wa Matondoni na Kipungani hatuko kisiwani? Kila mkisema "Lamu" mwamaanisha pale kwenye milango ya nakshi. Ile sehemu ya urithi ni hekta 15.6, basi. Kisiwa ni kikubwa kuliko hapo mara nyingi. Sisi boda ndo imetuokoa, zamani samaki akitoka Matondoni akifika mjini kwa punda au kwa kungoja maji yajae, ashalegea, mnunuzi ampima kwa pua. Chora barabara kutoka huku hadi nje ya mji, weka stendi hapo, boda ikome hapo, mzigo uchukuliwe na Hamali na punda wake. Si rahisi hivyo?

Bin Langoni:
Ndilo hilo nililosema mwanzo jamani! Boda ina mwisho wake, na mpango ndo wa kuuchora huo mwisho.

Mkomani Asilia:
Atakayeisimamisha hapo mwisho ni nani? Malaika?

Binti Shela:
Mimi najiuliza mbona hakuna anayetaja maji. Mwagombania barabara, hayo maji mnayokunywa yatoka wapi? Yatoka visima vya Shela, chini ya yale machuguu ya mchanga. Mvua ikinyesha mchanga wainywa, maji tamu yalala juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya chai. Ukijenga pale ukachimba mashimo ya vyoo, uchafu washuka mle mle. Ukivuta maji kupita kiasi, chumvi yapanda, na ikishapanda kisima kimekufa, hakuna barabara ya nyuma itakayokifufua. Watu wana mabikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, kwenye machuguu tayari. Hiyo ndo matumizi ya ardhi. Barabara ikifika Shela, viwanja vya mchanga vitapanda bei mara tatu na kila mwenye bikoni atajenga. Mpango mpya ukitaka kufanya jambo moja tu la maana, uyafunge machuguu kwa mstari ambao hata mkubwa hawezi kuuruka.

Mtoto wa Gadeni:
Lakini si nyinyi wenyewe wa Shela mliowauzia wazungu? Mwauza halafu mwalia maji.

Binti Shela:
Babangu hajauza hata kiganja. Alieuza ni mtu wa Gadeni, nikutajie?

Mtoto wa Gadeni:
Usitaje 😂 naishi kwake

Nahodha Mstaafu:
Tusicheke, huyu binti kasema kweli. Na tusijidai kwamba mambo haya hayapiganiki. Ule mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, megawati elfu na kitu, ulikuwa na leseni kabisa mkononi, watu wa Lamu wakaenda mahakama ya mazingira na 2019 leseni ikafutwa, na moja ya sababu ni wananchi hawakushirikishwa sawasawa. Na wavuvi walioathirika na bandari nao walishinda kesi 2018, bilioni moja na ushei ziliamuliwa.

Jamaa wa Hindi:
Ziliamuliwa. Kuamuliwa na kulipwa ni mambo mawili, waulize wavuvi. Na sisi wa bara huko Kililana na Hindi ndio mashamba yetu yalichorewa ramani tukiwa tumelala, hakuna mtu wa Mkunguni alikuja kusimama na sisi. Leo boda ikitaka kupita mbele ya mlango wake wa nakshi ndio anakumbuka "kushirikishwa".

Mkomani Asilia:
Hilo nalipokea. Kweli hatukuya. Nilikuwa na mashua yangu Manda nikaona matingatinga kwa mbali, nikasema hayo ni ya huko.

Jamaa wa Hindi:
Sawa mzee. Na ile ya boti ya jana?

Mkomani Asilia:
Boti ya yana ni ya yana. Lakini karibu.

Mjuaji wa Bombay:
Venice kule Italia ni mji wa mamilioni ya watalii, ndani ya mji wake wa kale gari haziingii, ambulensi ni boti, zimamoto ni boti, taka ni boti. Kwa nini sisi tusichimbe mifereji?

Hamali wa Gatini:
Nani atachimba?

Mjuaji wa Bombay:
Kaunti.

Hamali wa Gatini:
Trekta ya taka haijapita kwetu tangu Jumatatu.

Dada Khadija wa Kandahar:
Kwetu tangu Ijumaa.

Bin Langoni:
Jamani swali lilikuwa barabara ya nyuma, ndio au la. Nahesabu: ndio ni mimi, Khadija kwa dharura tu, Matondoni kwa stendi, Hindi sijui. La ni Mkomani. Shela ataka mstari wa machuguu kwanza. Hamali ataka zizi. Nimeandika kwenye karatasi, kesho naipeleka kwa mkono, kwa sababu maoni ya mdomo ya kikao kilichopita sikuyaona kwenye ripoti. Anayetaka jina lake liongezwe aseme kabla ya isha.

Binti Shela:
Yangu iwe ya kwanza, si ya tano.

Kijana wa Matondoni:
Mi niongeze. Na andika stendi iwe na kivuli.

Mkomani Asilia:
Lete niisome kabla hujapeleka. Wapi utakuwa?

Bin Langoni:
Nyumbani kwa mzee wangu, nyuma ya msikiti.

Mkomani Asilia:
Msikiti gani, mui huu una misikiti mingapi?