Tupeane uzoefu: uso wa mteja unauandaaje kabla ya meikapu?

DadaPoda:
Wapambaji wenzangu, za kazi? Jumamosi nimepata aibu ambayo bado inaniuma. Bi harusi wa sendofu, ukumbi Mbagala, joto lile mnalijua. Nikafanya kama siku zote: nikamfuta uso kwa tishu za maji, losheni, praima (ile ya kushikilia meikapu), fandesheni. Hata ukumbini hajaingia, pua imejikata na mashavuni fandesheni inatoka vipande kama rangi iliyopakwa kwenye ukuta mbichi. Shangazi yake akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, hii ndiyo ya laki mbili?"

Nikaifuta yote, nikaanza upya huku MC ananisubiri. Nyumbani ndiyo nikagundua: praima yangu ni ya silikoni, fandesheni ya maji, havishikani, na losheni sikuipa muda ikauke. Haya, na nyie semeni. Mnaandaaje uso, na mlishapatwa na nini?

Mama Nai:
Pole mdogo wangu, hilo limetukuta wengi. Weka tone la praima na tone la fandesheni mgongoni mwa mkono, sugua pamoja. Vikitengana au vikifanya vidonge, usivipeleke usoni kwa mtu. Mimi losheni naipa dakika 10, hapo ndiyo napanga brashi zangu na kunywa chai.

Fundi_wa_Temeke:
Tatizo langu mimi ni mkorogo, tena hatusemi.

Kuna dada alikuja uso mweupe pee, vifundo vya vidole vyeusi. Nikamuuliza anatumia nini, akajibu "sabuni tu". Wapambe wake wanne wamekaa hapo hapo, angesema nini? Nikachukua skrabu niondoe ngozi iliyokufa. Mara mbili tu nimezungusha kidole, shavu limebabuka, majimaji yanatoka. Alilia, nami nililia chooni. Siku hiyo alipakwa macho na midomo tu, shavu tukalificha kwa mtandio.

Zile krimu zenye zebaki na hidrokwinoni zimepigwa marufuku, lakini sokoni si zimejaa? Kwa hiyo siku hizi namvuta mteja pembeni, au namtumia ujumbe wiki moja kabla: unapaka nini usiku, una dawa ya chunusi, kuna kitu kinakuwasha? Kwa ujumbe watu husema ukweli. Nikijua ngozi imechubuliwa, skrabu siigusi wala kitu chenye spiriti. Namwosha kwa maji ya baridi, namkausha kwa kubonyezabonyeza taulo, losheni isiyo na manukato, basi. Rangi ya fandesheni naipimia shingoni na kifuani, maana uso wake si wake.

BintiUnguja:
Hapo pa rangi nami nina langu. Kwetu bi harusi husingwa kabla ya harusi, yaani husuguliwa mwili kwa singo, mchanganyiko wa vitu vya kunukia, na siku hizi wengi wanachanganya manjano kwenye singo. Ngozi inakuwa laini mno, lakini niliwahi kumpimia mtu rangi siku hiyo hiyo ya manjano, na siku ya harusi yakawa yameshatoka. Picha zote uso umeelea peke yake juu ya shingo! Sasa namwomba somo wake, yule mama anayemfunda, amalizane na manjano mapema, aniachie liwa (msandali) na maji ya waridi tu siku za mwisho. Wapo masomo wanaokasirika. Nasema "shikamoo bibi" kwanza, ndipo naomba.

Kijana wa Njombe:
Huku kwetu mwezi wa saba hatujui jasho. Uso unapauka mpaka poda inakaa kwenye mikunjo kama vumbi. Nakanda uso kwa losheni nzito, midomo napaka mafuta ya mgando mwanzoni kabisa, na poda ni chini ya macho tu.

Mwajuma K:
Jamani na barafu je? Naona watu wanaisugua usoni moja kwa moja.

Fundi_wa_Temeke:
Ifunge kwenye kitambaa safi, usiiache sehemu moja. Inapunguza uvimbe wa macho kwa aliyelala saa nane akicheza kigodoro. Vinyweleo haifungi, tusidanganyane.

Mama Nai:
Na waksi ya nyusi asubuhi ya harusi msikubali. Mteja aliniletea nyusi nyekundu zimevimba, konsila ikamwasha mpaka machozi yakaharibu kope. Afanye siku mbili tatu kabla. Kama ni bidhaa mpya kwake, mpake nyuma ya sikio siku moja kabla, muone.

Mwajuma K:
Asanteni dada zangu. Mwisho kabisa, nina bwana harusi Jumapili, anataka apunguziwe mng'ao kwa ajili ya picha. Kinyozi amemwekea miadi saa mbili asubuhi, mimi saa tatu.

DadaPoda:
Mwambie ndevu anyoe Jumamosi jioni, tena asipakwe spiriti. Ukimfuata saa moja baada ya wembe, poda itamchoma na vipele utavihesabu kwenye kamera.

Mwajuma K:
Nampigia kinyozi sasa hivi.