Mjadala: Kuogelea liwe somo la lazima shuleni, au fedha zielekezwe kwingine?

Mleta mada:
Wakuu, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Ndani ya nchi tajiri nako maji hayaui sawasawa. Marekani, kiwango cha vifo kwenye mabwawa ya kuogelea kwa watoto weusi wa miaka 10 hadi 14 ni mara 7.6 ya kile cha weupe. Wapo wanaosema ni woga wao tu. Woga gani? Mji wa Jackson, Mississippi, ulipotakiwa kuacha ubaguzi, uliona heri ufunge mabwawa ya umma, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikaubariki. Mzazi aliyenyimwa bwawa humkataza mwanawe kukaribia maji, naye akija kuzaa anakataza vilevile.

Kwa hiyo nasema serikali ilipe na somo liwe la lazima. Ila sitaki mashindano ya mitindo. Mtoto ajue kuelea chali, kutoka majini, na kumrushia anayezama kamba au dumu tupu badala ya kujitosa amfuate. Uholanzi watoto hupimwa wakiwa wamevaa nguo zao. Wana akili: nani huteleza mtoni akiwa na vazi la kuogelea?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu, shule unayoisema inaanza wengine wakiwa wameshazikwa. Karibu robo ya wanaokufa maji ni watoto wa chini ya miaka mitano. Wa miaka miwili utamwelesha chali? Bangladesh walifungua vituo vya kulelea wadogo, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, wakati mama yuko kwenye kazi na dimbwi liko nyuma ya nyumba. Kama fungu ni moja, lianzie hapo. Halafu mtoto mkimfundisha wiki mbili atajiona samaki.

Mleta mada:
Kwa wadogo hatugombani. Hata hilo shirika linapendekeza mafunzo kuanzia miaka sita. Lakini Bangladesh umeisoma nusu. Hukohuko, watoto wakubwa kidogo walifundishwa kwenye madimbwi ya kijijini yaliyofungwa majukwaa ya mianzi, na vifo vikapungua sana kwa waliofundishwa. Bwawa la vigae halikuhitajika. Tena anayejiona samaki ni yule aliyejifunzia kwa wenzake bila mtu wa kumwambia hatari iko wapi.

Mchangiaji wa pili:
Kaka zangu, mnabishania watoto kana kwamba wote ni wavulana. Pasipo mwalimu wa kike, sitara na vazi la heshima, somo lenu la lazima litakuwa la nusu ya darasa, na wazazi watawapa wasichana ruhusa ya ugonjwa kila siku ya zamu. Na mvuvi? Chombo kikipinduka mbali na nchi kavu, kujua kuelea kunampa muda mfupi tu. Jaketi okozi ndilo litakalomweka juu. Mimi naunga mkono somo, kwa sharti moja: bajeti ya mwalimu wa kike na ya jaketi ipitishwe siku ileile. Mleta mada, unakubali au unasubiri awamu ya pili?