Naomba ushauri: Toyota Raum au Toyota Passo kwa mzee mwenye magoti mabovu?

Wadau, natafuta gari dogo lililotumika kwa mzee wa miaka 74 anayeendesha mwenyewe kati ya Kisumu na Kericho. Mkewe hutembelea mkongojo.

Kipimo cha kwanza ni kiti. Mzee akisimama kando ya gari, kiti kiwe usawa wa makalio yake au chini kidogo tu. Kikiwa chini sana, kushuka humuumiza kuliko kupanda. Pia kizingiti kisiwe kirefu kupita sakafu, mguu hunaswa hapo.

Naegemea Toyota Raum ya 2003 hadi 2011. Upande wa kushoto hauna nguzo kati ya milango, kwa hiyo mama ataingia na mkongojo wake bila kujipinda. Injini yake ya cc 1500, aina ya 1NZ-FE, hutumia cheni, si mkanda wa taimingi. Wasiwasi wangu ni mlango wa kuteleza, hasa ule wa umeme: matope hujaa kwenye reli, rola hulika, kisha mota hulemewa. Passo ya cc 1000 ni rahisi kuegesha, lakini kutoka Ahero hadi Kericho ni kupanda tu, na wakiwa watatu na mizigo naona itachoka.

Kwa mliozitumia huku: rola na mota ya Raum hupatikana Kisumu au mpaka Nairobi? Na je, springi ndefu zaidi kwa ajili ya barabara za murram zitainua kiti kupita kiasi?