Mama akishinda nyumbani, kazi zote za nyumba ni zake?

Mleta mada:
Wadau, naomba tulijadili hili bila kutukanana. Kuna kauli inayosemwa sana: "Wewe si unashinda nyumbani? Mbona nyumba iko hivi?" Waume wanaisema, mama wakwe wanaisema, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hata wanawake walioajiriwa wanawasema wenzao hivyo hivyo. Naipinga kabisa. Mama akiacha ajira ili akae na watoto, kazi aliyoichukua ni kulea. Vyombo, nguo na sakafu ni vya wote wanaoishi humo, na jioni ikifika vigawanywe.

Tupige hesabu. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Weka nusu saa tu kila mara, pamoja na kumcheulisha na kumbadilisha nepi. Hizo ni saa 4 hadi 6, na hujagusa hata kijiko.

Akishaanza kutembea ndiyo balaa. Chukua kazi ndogo kama kukunja nguo. Umezianua, umezimwaga kitandani, umekunja za juu. Mdogo anavuta shati la chini, rundo lote linaporomoka. Unamwondoa, analia, unambeba. Hajatulia vizuri, mkubwa anaita kutoka chooni kwamba amemaliza. Ukirudi chumbani, mdogo amepanda juu ya nguo safi na nepi imevuja. Nusu ya nguo zinarudi kwenye beseni. Mtu akiingia saa hiyo ataona fujo tu, wala hataona kwamba mama hajakaa chini tangu asubuhi.

Mchangiaji:
Mleta mada, umeegemea upande mmoja. Mume naye anahangaika kutwa, anarudi hoi. Mmoja alete hela, mwingine aangalie nyumba, ndivyo walivyokubaliana. Na tusidanganyane, watoto hulala mchana. Wapo akina mama wanaoshinda kwenye simu.

Mleta mada:
Asante kwa kusema wazi, maana wengi wanawaza hivyo ila hawasemi.

Uchovu wa mume siukatai. Lakini kazi yake ina saa ya kutoka. Ya mama haina, na usiku mtoto akilia tunajua nani anaamka. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba kwa wastani wanawake hutumia saa 4 na dakika 25 kwa siku kwenye kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa, wanaume saa 1 na dakika 23. Wastani huo unawajumuisha hata wanawake wanaokwenda kazini. Kwa hiyo hata mwanamke anayeleta hela hajasalimika na vyombo, na hoja ya "mmoja alete hela" haielezi hali hii.

Simu? Aliyeajiriwa akipumzika kunywa chai saa nne hatumwiti mvivu. Na mtoto akilala mchana, mama aliyekesha naye alale. Deki itasubiri.

Watoto wote wakiwa shule kutwa, hapo tuko pamoja: mama abebe sehemu kubwa zaidi.

Umesema walikubaliana. Walikubaliana nini hasa? Wengi hawakuwahi kukaa wakazungumza, kila mmoja alidhani tu. Hata usafi wenyewe haujajadiliwa. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, mimi naona chakula kikiwepo, watoto wakiwa safi na jikoni pakiwa pasafi, siku imekwenda vizuri. Madirisha na makabati yangoje mwisho wa wiki, na yawe ya wote wawili.

Na kugawana siyo kungoja kuagizwa. Anayeagiza bado ndiye anayekumbuka kila kitu: viatu vinambana mkubwa, sabuni inaelekea kuisha, tarehe ya chanjo imekaribia. Mume akichukua nguo, azichukue moja kwa moja: aone mwenyewe kwamba zimejaa, afue, aanike, aanue, azirudishe kabatini bila kuuliza ya nani inakaa wapi.

Akina baba mliogawana kazi na wake zenu wanaoshinda nyumbani, karibuni mchangie. Ninyi mlichukua ipi, na mlifikaje hapo?