Mjadala: Je, baiskeli za milimani zitengewe njia katika mabonde na ardhioevu ya Lindi na Mtwara?

Mwanzisha Mada (Lindi mjini)

Ndugu zangu, naleta kwenu suala ambalo limekuwa likizungumzwa vijiweni hapa mjini bila kufika popote. Je, itengwe njia rasmi ya baiskeli za milimani itakayoanzia Lindi mjini, ipite Rutamba na kando ya msitu wa Litipo, kisha iingie bonde la Mbwemkuru kuelekea Tendaguru, huku tawi lake la pili likifuata bonde la Lukuledi hadi Nyangao na Mahiwa?

Mimi naunga mkono, na sababu yangu kubwa ni historia. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig walichimbua Tendaguru zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, na mizigo hiyo ilifika bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, kwa mwendo wa siku kadhaa kila safari. Kiunzi kilichotokana na kazi hiyo kimesimama Berlin, kikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, na watu hupanga foleni kukitazama. Mahiwa nako, Oktoba 1917, ndiko kulikopiganwa vita vya siku nne vilivyokuwa miongoni mwa vile vilivyomwaga damu nyingi zaidi Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Pamoja na yote hayo, mgeni wa leo anapita Mnazi Mmoja ya hapa Lindi akiwa ndani ya basi, amelala.

Baiskeli ina faida ambayo gari halina: mwendo wake ni mdogo kiasi kwamba mpandaji atahitaji maji, chakula na pa kulala katika kijiji anachokipita. Safari zifanyike kiangazi, Juni hadi Oktoba, njia zikiwa zimekauka. Naomba hoja zenu, hasa za wale wanaoishi njiani.

Mkulima wa Mingoyo

Ndugu Mwanzisha Mada, sina ugomvi na historia. Ninachoomba ni tufungue kalenda ya kilimo, kwa sababu naona mipango hii huandaliwa na watu wanaoijua kalenda ya likizo tu.

Juni hadi Oktoba, miezi uliyoichagua wewe, ndiyo miezi ya mkorosho. Tunapulizia salfa, dawa ya unga, kuanzia mikorosho inapoanza kuchipua na kutoa maua, na tunapulizia alfajiri, kabla upepo haujaamka, kwa kuwa upepo ukishavuma vumbi lote linakwenda kwa jirani. Saa hizo ndizo waendesha baiskeli wanazozitafuta kwa sababu jua halijawa kali. Yeyote aliyewahi kusimama karibu na mashine ya kupulizia anajua salfa inavyowasha macho na kubana kifua. Sasa mfikirie mtu anayepanda kilima huku akihema kwa nguvu, akakutana na wingu hilo katikati ya shamba langu. Nizime mashine nimsubiri apite? Wakija ishirini kwa mafungu mafungu, asubuhi yangu imekwisha, na mafuta ya mashine nimenunua kwa mkopo.

Oktoba korosho zimeanza kuanguka, nazo huokotwa chini ya mti. Simtuhumu mgeni kuwa mwizi. Hata hivyo, msimu huo ni wa kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa magendo, na wa mashamba kuvamiwa usiku, na kila uso usiofahamika hutazamwa mara mbili. Mtu akikatiza shambani jioni kwa baiskeli isiyo na kengele wala taa, kijijini kwetu atapigiwa yowe kabla hajaeleza kwamba yeye ni mtalii.

Ukizisogeza safari hadi Desemba, mvua imeshaanza na mabonde yote ni mpunga. Tuta la jaruba likikatwa na tairi, maji ya watu wawili yanachanganyika, na kesi inakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji siku hiyohiyo. Mpunga tunauvuna Mei hadi Juni, ndipo salfa inarudi. Nionyeshe mwezi uliobaki.

Binti Newala

Kaka yangu wa Mingoyo amesemea mazao. Mimi nawasemea wanaochota maji. Mada imetaja Lindi, lakini kichwa chake kimetutaja na sisi wa Mtwara, na nina hakika njia hii ikifanikiwa itapanda kwetu.

Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaokunywa mvua yote, hivyo huku juu hakuna mito. Kwa vizazi vingi watu wameshuka mabondeni kufuata maji, na hata sasa bomba linapokauka mteremko ni uleule. Njia zinazopanda kutoka bondeni si njia za matembezi. Ni njia za ndoo. Pale Shimo la Mungu, ambapo uwanda unakatika ghafla na bonde la Ruvuma kutandazika chini, mpenda baiskeli yeyote atatamani kuteremka kwa kasi, na simlaumu, kwa sababu mandhari yenyewe inavuta. Lakini mwanamke mwenye ndoo ya lita 20 kichwani hawezi kuinua uso ghafla wala kuruka pembeni, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Katika kijia chenye upana wa mtu mmoja, chenye nyasi ndefu pande zote mbili na kona usiyoiona mbele yake, breki nzuri humsaidia aliyezishika tu.

Baiskeli si kitu kigeni kwetu, nisieleweke vibaya. Mihogo, kuni na madumu vyote husafiri kwa baiskeli. Ila mwenye mzigo huisukuma kwenye mteremko, hairukii.

Mpanda Baiskeli wa Mikindani

Dada yangu wa Newala, shikamoo ikiwa umenizidi umri; ikiwa sivyo, pokea salamu.

Nadhani tunaihukumu baiskeli kwa makosa ya vyombo vingine. Vijia mnavyovitetea vinapitwa kila siku na bodaboda zenye injini, zimebeba abiria wawili na gunia, na sijaona mada kuhusu hilo. Utafiti uliofanyika katika jimbo la Montana, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulilinganisha waenda kwa miguu, farasi, pikipiki na baiskeli kwenye njia za milimani, na ukaona kwamba kwato na miguu zililegeza udongo mwingi kuliko magurudumu. Kwa upande wa haki ya kupita, Uingereza ilishalitatua suala hili mwaka 1968, pale sheria ilipowaruhusu waendesha baiskeli kutumia njia za farasi kwa sharti la kuwapisha wapanda farasi na waenda kwa miguu. Kwa nini tusiweke sharti hilohilo, tukaongeza kwamba kwenye vijia vya maji mpandaji anashuka na kusukuma?

Kwetu Mikindani wageni huja kuona majumba ya kale na mahali alipoanzia Livingstone safari yake ya mwaka 1866 kuelekea Ruvuma, kisha wanaondoka siku hiyohiyo kwa kukosa la kufanya. Usiku mmoja zaidi wa mgeni mmoja ni samaki, ni nazi, ni kitanda.

Mstaafu wa Misitu (Rondo)

Mwanangu wa Mikindani, umesoma, na hilo linanifurahisha, lakini utafiti ulioutaja ulihusu njia za milimani. Hapa tunajadili ardhioevu, na udongo wa bondeni una tabia yake. Mguu ukikanyaga tope unaacha shimo moja, kisha jingine mbele yake, na maji yanatuama humo. Tairi linaacha mfereji usiokatika, na maji yakishapata mfereji yanaufuata, yanauchimba, na msimu unaofuata una korongo dogo linalokausha upande mmoja wa bonde na kuujaza mchanga upande wa pili. Kisha kila anayekuja nyuma anakwepa tope kwa kupita pembeni, na njia ya nusu mita inakuwa ya mita tano. Nimeliona hilo kwa ng'ombe na kwa pikipiki, na sioni sababu ya gurudumu la baiskeli kuwa na adabu zaidi udongo ukiwa umelowa.

Upande wa pwani hali ni nyeti zaidi. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mdomo wa Ruvuma umo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi iliyoanzishwa mwaka 2000. Mti wa mchu, aina mojawapo ya mikoko, hupumua kwa vijiti vinavyochomoza kutoka kwenye tope. Maji yakitoka, uwanja ule unaonekana mtupu na mgumu, unamwalika mtu kuukatiza. Anayeukatiza anavunja pumzi za mti. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mazingira ya eneo hilo. Kuchonga njia na kujenga vivuko vya mbao ndani ya mita hizo ni kutafuta kesi, achilia mbali viboko na mamba ambao hawasomi vibao.

Lakini sipingi yote. Waingereza walipoleta mpango wao wa karanga Nachingwea mwaka 1947, walijenga na reli, ambayo baada ya mpango kuanguka ilifungwa na kung'olewa katika miaka ya 1960. Treni haipandi mteremko mkali, na tuta lake hunyanyuliwa ili maji yapite chini. Mnatafuta njia ya historia isiyogusa tope, na Mwingereza alishaipima kwa gharama zake. Huko Rondo zipo barabara za msituni zilizokatwa kwa ajili ya magogo. Hizo nazo zifikiriwe, kwa sharti kwamba hakuna safari za usiku, kwa sababu komba wa Rondo, mnyama anayepatikana katika misitu michache tu ya pwani ya nchi hii, hutoka gizani.

Mwanzisha Mada

Mzee wangu, nakushukuru. Naliondoa bonde la Lukuledi kwenye pendekezo, kwa maana ya sakafu ya bonde, na mahali pake naweka tuta la reli ya zamani pale linapopitika na barabara za vijiji pale lisipopitika. Sehemu ya Tendaguru naibakiza, ila iongozwe na watu wa vijiji vya jirani na isiwe ya mtu kujiendea mwenyewe, kwa kuwa mgeni aliyeachwa peke yake na vipande vya mifupa ataweka kimoja mfukoni. Msimamizi wa wachimbaji pale alikuwa Boheti bin Amrani, na wanasayansi wamempa dinosaria mmoja jina lake, bohetii, mwingine wakampa jina la Wamwera. Itakuwa aibu wajukuu wa wachimbaji hao wabaki kuuza maji ya chupa kando ya njia huku maelezo yakitolewa na mtu aliyeletwa kutoka Arusha.

Kwa Mkulima wa Mingoyo: napendekeza mkutano mkuu wa kila kijiji ndio upange siku za kufungua na kufunga njia, na tangazo libandikwe mjini. Wiki ya kupulizia, njia imefungwa. Binti Newala, kuhusu Shimo la Mungu sina cha kubishana nawe. Pabaki mahali pa kutazama, na baiskeli ziishie juu.

Mkulima wa Mingoyo

Mkutano mkuu nakubaliana nao, ila usidhani tuta la reli ni tupu. Ardhi iliyokaa zaidi ya miaka 50 bila treni haibaki kumsubiri mtalii; ninawajua watu wenye mikorosho iliyokomaa juu yake, na hawana hati zaidi ya mikorosho yenyewe. Kabla hujaichora hiyo njia kwenye ramani, pita na mtendaji wa kijiji, miguu kwa miguu, uhesabu miti na uandike wenye nayo. Ukisharudi na orodha hiyo, utuambie pia ada ya mgeni italipwa kwa nani, kwa kijiji au kwa halmashauri ya wilaya, kwa kuwa jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kura yangu siku ya mkutano.